Zitoe Saa Tatu

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza leo saa nane na robo. Kufikia saa nane na nusu paa la maabara lilikuwa linavuja mahali palepale pa mwaka jana. Nimeandika barua tatu kuhusu hilo paa. Jibu la barua zote tatu ni ndoo.

Daktari Ng'ang'a ametuita sote, akatangaza kwamba wafadhili wanakuja tarehe 22 Mei na wanataka kuona jenomu ya bakteria wa chupa ya 47, yaani DNA yake nzima, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi ya kudumu iko moja tu. Sisi wengine tutaendelea na mikataba ya miezi mitatu mitatu mpaka wafadhili wachoke. Atakayetangulia kwa jina kwenye makala ndiye atakayeipata. Kisha 47 akampa Frankline.

Niandike vizuri, nisije nikajidanganya nikisoma tena. Miezi kumi na minne iliyopita nilikaa siku nne Ziwa Magadi, nikachota tope chupa sitini na moja, midomo ikipasuka kwa chumvi. Chupa sitini zilikufa, au zikatoa bakteria ambao kila mtu anawajua. Moja ikaishi. Nikailea mimi: chumvi asilimia ishirini, pH kumi na nusu, maji ambayo ukizamisha kidole kinateleza kama umeshika sabuni. Frankline wakati huo alikuwa ng'ambo akisomea digrii ya pili. Amekuja Januari.

"Benta, wewe una mikono mizuri," Daktari akaniambia mbele yake. "Lakini jenomu inataka kichwa. Kwa hivyo 47 usiiguse."

Nina miaka kumi na miwili kwenye maabara. Mitatu ya kwanza nilikuwa naosha chupa. Diploma niliisoma jioni, Celine akiwa mgongoni. Sikupewa na mtu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Anayeosha chupa siku hizi ni Ndunge. Kazi nilimtafutia mimi. Tunakaa ploti moja Kayole, yeye chini karibu na geti, mimi orofa ya nne, na mtu hawezi kupanda kwangu bila kupita mlangoni kwake.

Sifa yake niiandike kwa sababu ni ya kweli: miezi tisa hajavunja chupa hata moja. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilivunja kumi na moja. Na saa anaishika. Ukimwambia saa moja, saa moja kasoro dakika mbili yuko hapo anapangusa viatu.

Leo amesimama na chupa tupu mkononi.

"Mama Celine, hebu niambie ukweli. Haya magadi si ndiyo haya tunatia kwa maharagwe?"

"Ndiyo hayohayo."

"Na mnasema kuna mtu anaishi ndani."

"Si mtu. Bakteria."

"Na mimi nimekula miaka arobaini na moja!" Akacheka mpaka ikabidi aweke chupa chini. "Basi huyo wenu akikosekana huko ziwani, mje mnipasue mimi."

Alhamisi, 27 Machi

Frankline amejaribu mara ya kwanza kutoa DNA ya 47. Aliitikisa kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi. Imekatikakatika.

Siku moja nilimweleza Ndunge hivi: DNA ya bakteria ni uzi mmoja mrefu sana, na ile mashine yetu ndogo, isiyozidi stepla kwa ukubwa, inausoma vipande vipande. Vipande vikiwa virefu, ni kama umepewa gazeti lililoraruliwa mara nne, utaliunganisha. Vikiwa vifupi, umepewa gazeti lililofungia nyama mwaka mzima. Tunataka vipande vya herufi elfu arobaini. Frankline amepata mia tisa.

"Pole, Frankline," nikamwambia.

"Ni kujifunza tu, Madam."

Kwa 47 yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Stima ilipotea jana saa nne asubuhi, ikarudi leo saa kumi. Saa thelathini. Jenereta ilikuwa na maji ndani. Friji kubwa imeyeyuka, na akiba yote ya 47 imeyeyuka nayo, imekufa. Imebaki chupa moja hai, iliyo mezani kwa Frankline. Ikitiwa kidogo kwenye maji mapya huchukua siku kumi na tisa kukua.

Daktari ameshika kichwa. Mimi sijashika changu.

Nyumbani, kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya kopo la majani ya chai, nina kijichupa cha chumvi kavu. Nilikausha 47 humo mwaka jana, mwezi wa Julai, na sikumwambia mtu. Akikaushwa kwenye chumvi, huyu bakteria hahitaji friji. Ziwa likikauka anajikunja ndani ya chumvi anangoja. Juu yake nimeandika "Magadi ya maharagwe – USITUMIE". Celine aliniuliza kama sisi ni watu wa kununua vitu vya kutotumia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sikusemeshwa leo na mtu yeyote isipokuwa Ndunge, aliyeniletea kiazi kitamu kwenye karatasi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika saa zote.

Saa sita kamili mchana Frankline alitia chupa ndogo mbili kwenye beseni la umeme la maji moto, digrii sitini na tano. Ndani yake mna 47 yote. Aliimimina yote. Mtu aliyesoma darasani tu anamimina yote. Mtu aliyeosha chupa anabakiza. Dawa ya kupasua ngozi ya bakteria inataka saa tatu, basi. Zikipita hapo, na kwa joto lile, uzi wenyewe unaanza kukatika.

Saa saba alipigiwa simu kwamba maji yameingia nyumbani kwake. Akashuka mbio, akaondoka. Daktari alikuwa mjini kutwa.

Saa nane kasorobo Ndunge akanifuata stoo, nilikokuwa nikihesabu sahani za maabara. Amenyoosha simu kwa mikono miwili, kama anayeonyesha picha ya mtoto.

"Mama Celine, nisomee hapa. Huyu kijana ameniandikia mimi mwenyewe."

Nikasoma: *Ndunge, zile chupa mbili ndogo ziko kwa maji moto tafadhali zitoe saa 3 uziweke kwa friji. Asante sana.*

"Sasa hii saa tatu," akasema, "ni ya kesho asubuhi, ama? Maana saa tatu ya usiku sitakuwa hapa. Mimi natoka saa kumi na moja."

Nilielewa palepale. Frankline alihesabu muda wa dawa, au aliwaza kwa Kizungu, na kwa bahati yake vyote viwili vinatua mahali pamoja: saa tisa alasiri. Lakini aliandika tatu. Ndunge amesoma kile kilichoandikwa, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili angesoma.

Nilikuwa na saa moja na robo ya kusema.

Nikapiga hesabu. Nikisema, Frankline anapata uzi wake mrefu, anapata jenomu, jina lake linatangulia, na mimi nasaini miezi mitatu mingine. Nisiposema, Frankline anaulizwa kwa nini alituma kazi ya kichwa kwa mwoshaji kupitia simu. Aliyekosea ni yeye. Ujumbe uko na jina lake. Sikuona jinsi ungemwangukia mtu mwingine. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilitafuta, sikuona.

"Si umeandikiwa?" nikamwambia. "Fanya vile umeandikiwa. Mimi nimekatazwa 47."

"Haya. Kesho saa tatu." Akaweka kengele kwenye simu, nikiona.

Saa kumi kasoro dakika tano nilipita mlangoni pa chumba kile. Beseni lilikuwa linanguruma polepole. Chupa mbili zimesimama ndani. Nikachukua mwavuli wangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa tatu kamili kengele ya Ndunge ililia, akazitoa, akazipangusa, akaziweka kwenye friji, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kulala: "Zimetolewa 3.00." Alikuwa na furaha. Ni mara ya kwanza kuandika kwenye daftari lile.

Saa nne Frankline akapima. Vipande vya herufi mia tatu. Alikaa chini kwenye sakafu, na suruali yake nzuri.

Daktari alituita.

"Nani alikwambia zilale humo?"

"Ni hapa, Daktari." Ndunge akatoa simu. "Saa tatu. Nimezitoa saa tatu juu ya alama, sikuchelewa hata dakika."

"Nilimaanisha masaa matatu!" Frankline akasema. "Ziliingia saa sita. Saa tisa."

"Kama ni saa tisa, si ungeandika saa tisa? Mtoto wa nasari anajua saa tatu ni saa ya chai."

Frankline akafunika uso. "Ni kweli, Daktari. Mimi ndiye niliandika hivyo."

Daktari hakumsikia, au alimsikia akapiga hesabu yake. Ana wafadhili baada ya wiki sita. Digrii ya Frankline imeandikwa kwenye barua ya maombi ya ufadhili, ukurasa wa pili. Ndunge hajaandikwa popote.

"Ulishindwa kuuliza?" akamwambia Ndunge.

"Niliuliza. Nilimuuliza Mama Celine."

Wakanigeukia wote watatu. Jibu langu nilikuwa nalo tangu asubuhi.

"Daktari, 47 mimi nilikatazwa, na wewe ndiye ulinikataza. Mtu akiniuliza habari za 47 nitamwambia nini?"

Hakuna neno la uongo humo. Nimeyapitia moja moja.

Ndunge aliniangalia. Alisema, "Mama Celine," basi, kama mtu anayeita mlangoni akingoja kufunguliwa. Daktari akamwambia avue koti la maabara aliache kwenye kiti, siku alizofanya atalipwa. Alilikunja kwanza. Kola juu, mikono ndani.

Wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mlango wa Ndunge ulikuwa wazi nilipopanda na maji. Nimetazama ngazi.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Nimetazama ngazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilingoja wakate tamaa kabisa. Saa tano Daktari alikuwa anaandika barua ya kuwaomba wafadhili wasije. Nikaingia, nikaweka kijichupa mezani pake.

"Hii ni nini? Magadi ya maharagwe?"

"Ni 47."

Alisimama. Alikaa. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Itachukua siku kumi na tisa," nikasema. "Tarehe tatu Mei iko tayari. Tarehe tano natoa DNA. Inabaki siku kumi na saba kabla ya wageni."

"Unataka nini, Benta?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kwenye jengo lile. Nikamwambia: jina langu liwe la kwanza, na ile kazi. Akasema haya. Halafu, akiwa tayari ameshika kalamu, akauliza, "Na yule mama? Wewe ndiye ulimleta. Ukiniambia nimrudishe nitamrudisha, sina ugomvi naye."

Mdomo wangu ulifunguka. Lakini Ndunge akirudi, atarudi na swali lake. Ataosha chupa mita tatu kutoka mezani pangu, na kila mtu atakuwa na muda wa kumsikiliza.

"Uamuzi ni wako, Daktari," nikasema.

"Basi tuache hivyo."

Ilichukua pumzi moja.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka. Celine ameuliza kwa nini hatujawapelekea kina Ndunge chapati kama mwaka jana. Nimemwambia unga umeisha. Akafungua kabati akanionyesha unga.

Jumamosi, 3 Mei

Chupa imekuwa nyekundu kama waridi. Siku kumi na tisa, hakuzidisha hata moja. Huyu ndiye mfanyakazi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoa DNA mwenyewe. Saa tatu kwenye beseni, nimekaa mbele yake kwenye kiti kuanzia saa nne hadi saa saba. Sikutuma mtu. Nimeiinua kwa kijiti cha kioo, ikafuata kama ute wa bamia. Vipande vya herufi elfu hamsini na mbili.

Frankline alipiga makofi. Alipiga kweli, si kejeli. Sikujua niweke wapi macho.

Jumatano, 7 Mei

Mashine imeanza kusoma jana asubuhi, inataka saa sabini na mbili. Leo saa nane mchana stima ikaenda. Jenereta ikakohoa ikazima. Nilikuwa nikihesabu dakika za betri ya kompyuta, zimebaki thelathini na nne, nikasikia mtu akipanda ngazi akihema. Frankline, amelowa hadi magoti, amebeba betri ya gari lake kifuani kama mtoto mchanga.

Tuliunganisha. Ikashika, ikatuvusha mpaka stima iliporudi jioni. Gari lake likabaki limekufa nje kwenye matope.

Tukakaa sakafuni tukiangalia herufi zinavyopita.

"Madam, nilienda kwa Ndunge," akasema. "Jumapili. Nilimwomba msamaha."

"Akasemaje?"

"Alinipa chai. Nilimwambia nimeongea na Daktari mara mbili, kosa ni langu, arudishwe. Daktari anasema ulikuwa na nafasi ya kumwombea, ukanyamaza." Hakunitazama. "Nikamwambia Daktari haiwezekani, amesikia vibaya. Wewe ndiye ulimtafutia kazi."

Nilikuwa nimempangia huyu kijana chuki ya kutosha mwaka mzima. Sasa sijui niipeleke wapi.

"Alisikia vibaya," nikasema.

Ijumaa, 9 Mei

Imeungana. Duara moja, bila pengo. Herufi milioni nne, elfu mia moja kumi na nane, sitini na mbili. Nimewatafuta ndugu zake kwenye hazina zote: aliye karibu zaidi anafanana naye kwa asilimia themanini na moja. Hakuna mwingine kama yeye aliyewahi kuandikwa.

Daktari alinikumbatia. Alinukia biskuti.

Alhamisi, 22 Mei

Wafadhili wamekuja. Paa limezibwa jana, kwa siku moja. Jina langu lilikuwa la kwanza ukutani, BENTA AWUOR, herufi kumi, za Frankline chini yake, ndogo zaidi. Nilizungumza dakika kumi na mbili. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza nilijuaje kuhifadhi akiba kwenye chumvi. Nikasema: niliwahi kuosha chupa. Wakacheka, wakapiga makofi.

Jumanne, 27 Mei

Mkataba umesainiwa. Wa Frankline unaisha Juni na hautafanywa upya. Daktari anasema kazi iko moja, na alishasema. Frankline amenipa mkono. "Umeistahili, Madam." Hilo ndilo neno lililoniuma, na alilisema bila nia.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua. Bakteria mpya lazima apewe jina, na Daktari ameniachia mimi nichague, maana wa kwanza ndiye anayetaja. Nilifikiri siku tatu. Nikapata jibu lililoonekana zuri: jina la Ndunge, kwa Kilatini, milele, kwenye kila kitabu. Halinigharimu chochote. Sasa nikiangalia, hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Siku hizi Ndunge anauza maharagwe yaliyochemshwa karibu na steji ya Spine Road, chini ya mwavuli wa manjano. Nilimkuta akipakua. Alinipa kigoda, akafuta na kitambaa kwanza.

"Karibu, Mama Celine. Nakuona ukipita kila siku. Leo umekumbuka shingo inageuka."

Nikamweleza. Maneno yalitoka haraka. Kwamba jina lake litabaki hata sisi tukishakufa, kwamba wanasayansi wa dunia nzima watalitamka.

Alisikiliza akikoroga.

"Huyo mdudu," akasema, "niambie tena. Anaishi wapi?"

"Mahali ambapo vitu vingine vyote vinakufa."

"Yeye hafi."

"Hafi. Hata pakikauka, anajifungia kwenye chumvi anangoja."

"Na wale wanaokufa pale kando yake? Anawafanyia nini?"

Ni swali zuri la sayansi. Nimeona jibu kwenye jenomu yake, jeni thelathini na mbili za kazi hiyo.

"Anawala," nikasema. "Anakula mabaki yao."

Ndunge akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili.

"Basi jina unatafutia nini kwangu, Mama Celine? Mwite Benta." Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. "Karibu, baba. Ya kula hapa ama ya kubeba?"

Jumatatu, 2 Juni

Nimempa jina la ziwa.

Alhamisi, 5 Juni

Jua. Hakuna ndoo.

Mwoshaji mpya ameanza leo, msichana anaitwa Ambaro, mtulivu, anashika chupa kwa shingo. Saa tano nilitia chupa mbili kwenye beseni, nikaitwa ofisini. Akanifuata hadi mlangoni.

"Madam, zile nizitoe saa ngapi?"

"Saa nane," nikamwambia. "Saa nane leo, mchana, baada ya chakula. Si kesho."

"Sawa, Madam."

Alipoondoka nilirudia yale maneno kimoyomoyo huku nikiangalia saa ya ukutani. Nimeyapima mara tatu. Yanachukua sekunde nne.